Mchagua Jembe Si Mkulima: Somo la Gitaa la Besi

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mchagua jembe si mkulima. Hata hivyo, hawakumwambia mkulima alime kwa jembe lililolegea mpini. Ndugu msomaji, katika kurasa hizi nataka tuzungumze juu ya jembe la aina yake, yaani gitaa la besi la umeme. Tutaona kazi yake, namna lilivyoundwa, namna ya kulirekebisha na namna ya kulilinganisha na jingine bila upendeleo.

Mada hii sikuiokota njiani. Klabu ya muziki ya shule yetu ina gitaa moja tu la besi, la nyuzi nne, lililonunuliwa likiwa limeshatumika. Muhula huu wanachama wamegawanyika. Kundi moja linasema liuzwe, tuchange pesa za kuongezea, tununue jipya la nyuzi tano, jekundu, linalong'aa kama gari la arusi. Kundi la pili, nami nimo, linasema tulijue kwanza hili tulilo nalo. Mkutano wa kukata shauri utakuwa muhula ujao, na wengi wenu mnaosoma gazeti hili mko katika klabu zote mbili. Si vizuri mtu kuinua mkono juu ya jambo asilolijua.

KAZI YA BESI

Ukitaka kuielewa besi, fikiria kwanza ngoma za Chuka. Sisi tunaosafiri kati ya Meru na Embu tunawajua wapigaji wake. Kila mmoja amebana ngoma ndefu mapajani, anapiga huku anacheza. Mwimbaji anaweza kupotea kidogo na wimbo ukaendelea, lakini ngoma ikipotea, miguu yote inapotea. Katika bendi kazi hiyo wanagawana ngoma na besi. Ngoma huonyesha wakati wa kukanyaga, na besi huonyesha mahali pa kukanyaga, yaani noti ambayo wimbo mzima umeikalia.

Kuna wanaodhani eti besi ni gitaa la yule asiyejua kupiga solo. Si kweli hata kidogo. Msikilize Tommy Malanga, mpiga besi wa Les Wanyika, bendi iliyoundwa Nairobi mwaka 1978 na wanamuziki waliotoka Simba Wanyika. Katika "Sina Makosa" besi yake haijifichi nyuma ya wenzake. Inasema neno, inanyamaza, halafu inajibu. Katika benga nako, kwa mfano ile ya D. O. Misiani na Shirati Jazz, besi inarukaruka na kushindana mbio na gitaa la solo. Ukiiondoa, benga inabaki kama chai isiyo na majani.

LILIKOTOKA

Zamani sauti ya chini ilitolewa na besi kubwa ya mbao inayosimamishwa sakafuni, ndefu kumshinda mpigaji mwenyewe. Ilikuwa taabu kuibeba, na vyombo vya umeme vilipoingia haikusikika vizuri. Mwaka 1951 Leo Fender wa Marekani alianza kuuza besi ya kuvaliwa begani, yenye mwili mnene usio na uwazi ndani na vipande vya chuma shingoni. Aliiita Precision, maana yake usahihi, kwa sababu vile vyuma humwezesha mpigaji kupata noti sahihi bila kubahatisha. Mwaka 1960 akaleta Jazz Bass, yenye shingo nyembamba zaidi. Magitaa mengi ya besi tunayoyaona makanisani na kwenye bendi huku kwetu, hata yaliyoandikwa majina mengine kabisa, yamefuata umbo la mojawapo ya hayo mawili. La shule yetu ni mwigo wa Precision.

SEHEMU ZAKE

Gitaa la besi lina kichwa, shingo na mwili, kama mtu. Kichwani mna vigingi vya kukazia nyuzi, ambavyo sisi wanafunzi tunaviita masikio. Shingoni mna vile vyuma vya kukatia noti. Mwilini mna daraja linaloshika nyuzi kwa chini, vitufe vya kuzungusha, na pikapu.

Hapa mtu wa Maua atacheka. Pikapu ninayoitaja si ile ya kukimbiza miraa! Ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba mara maelfu. Uzi wa chuma ukitetemeka juu yake, unavuruga nguvu ya sumaku, na katika waya kunazaliwa umeme mdogo sana. Umeme huo hupita kwenye kebo hadi kwenye amplifaya, hukuzwa, kisha spika huugeuza kuwa sauti. Ndiyo maana huwezi kufunga nyuzi za nailoni kwenye besi ya namna hii. Sumaku haina habari na nailoni.

Nyuzi nne, kuanzia nene hadi nyembamba, ni E, A, D na G. E hutetemeka kama mara 41 kwa sekunde, A mara 55, D mara 73 na G mara 98. Besi ya nyuzi tano huongeza uzi mnene zaidi, B, unaotetemeka kama mara 31 kwa sekunde. Ishike nambari hiyo 31, tutaihitaji mbele.

MAMBO YA KULINGANISHA

Likizo ya Aprili nilikwenda Embu kwa mjomba wangu, ambaye hupiga besi ya nyuzi tano kanisani. Kwa ruhusa ya mwalimu nilibeba gitaa la shule, nikasafiri nalo kwenye matatu nimelipakata kama mtoto mchanga. Mjomba alinionyesha kwamba rangi ni jambo la mwisho kabisa kuangaliwa. Mambo ya kupima ni haya.

Kwanza, urefu wa uzi kutoka mwanzo wa shingo hadi darajani. Besi nyingi ni sentimita 86.4, na fupi ni 76.2. Kwenye ndefu nafasi ya kwanza ya shingo ni kama sentimita 4.8, kwenye fupi ni kama 4.3. Mwenye vidole vifupi ataiona tofauti hiyo saa ileile. Tena, ukifunga uzi uleule kwenye besi fupi na kuuweka kwenye noti ileile, mkazo wake unapungua kwa takriban asilimia 22, hivyo uzi ni laini kubonyeza lakini pia hutikisika ovyo ukipigwa kwa nguvu.

Besi fupi isidharauliwe. Paul McCartney wa Beatles alinunua ya namna hiyo, Höfner yenye umbo la fidla, mjini Hamburg mwaka 1961. Yeye hutumia mkono wa kushoto, na kwa kuwa pande mbili za gitaa hilo zinafanana, halikuonekana kituko alipolipiga kwa mkono huo. Wenzangu wa mkono wa kushoto wajue, lakini, kwamba kugeuza gitaa si kuhamisha nyuzi tu. Mifereji inayoshika nyuzi mwanzoni mwa shingo haina upana mmoja, kwa hiyo lazima nayo ibadilishwe.

Pili, upana wa shingo. Mwanzoni mwa shingo Jazz Bass huwa na kama milimita 38, Precision za siku hizi kama 41, na nyingi za nyuzi tano hufika 45. Shingo pana si mbaya, lakini mkono mdogo huchoka mapema.

Tatu, pikapu na mahali zilipo. Pikapu iliyo karibu na daraja hutoa sauti kavu, yenye makali. Iliyo karibu na shingo hutoa sauti nzito, ya duara. Precision ina pikapu moja iliyokatwa vipande viwili, hali iliyo nayo tangu 1957, na vipande hivyo vimeungwa ili kufuta mvumo wa umeme. Jazz ina mbili, na mvumo hupungua sana ukivifungua vitufe vyake viwili vya sauti sawasawa. Jambo hili ni kubwa kuliko tunavyodhani. Umeme wa Kenya hubadilika mara 50 kwa sekunde, na noti ya G kwenye uzi mnene ni mara 49. Ukiwa na besi inayovuma, ni kama kuna mpiga besi wa pili asiyejua kunyamaza.

Nne, nyuzi zenyewe. Zipo zilizoviringishiwa waya wa duara, ambazo hukwaruza vidole na kung'aa kwa sauti. Zipo zilizoviringishiwa waya bapa, laini, zenye sauti fupi na nzito kama ya ngoma. Ukibadilisha nyuzi tu, unaweza kuapa kwamba umebadilisha gitaa.

KULIREKEBISHA

Gitaa la shule lilikuwa na sifa mbaya. Watu walisema nyuzi zake ni ngumu, linalialia shingoni, tena noti za juu hazikubaliani na kinanda. Haya ndiyo mashtaka wanayoyatoa wanaotaka liuzwe. Mimi na mjomba tuliyachukua moja baada ya jingine.

(a) Shingo. Mbao hunywa unyevu. Mvua za Machi hadi Mei, na zile za Oktoba hadi Desemba, huifanya shingo ijikunje, na kiangazi huirudisha. Ndani ya shingo mna chuma kirefu cha kuinyoosha. Bonyeza uzi kwenye chuma cha kwanza na cha mwisho kwa pamoja, kisha tazama katikati. Panatakiwa pawe na nafasi nyembamba, kama unene wa kadi ya biashara. Yetu ilikuwa inapitisha ufunguo! Mjomba alikaza chuma hicho robo mzunguko, akasubiri, akapima, akakaza tena kidogo. "Mpwa wangu," akaniambia, "shingo ya gitaa ni kama ng'ombe. Ukiivuta kwa hasira itakushinda."

(b) Kimo cha nyuzi. Darajani kila uzi una kikalio chake chenye skurubu ndogo. Tulivishusha hadi nyuzi zikawa milimita 2 na nusu hivi juu ya chuma cha kumi na mbili. Ukishusha zaidi, nyuzi hugonga vyuma na kulia. Ukipandisha sana, vidole vinapata malengelenge. Huo "ugumu" uliosemwa kila siku ulikwisha hapo hapo.

(c) Noti za juu. Chuma cha kumi na mbili kiko nusu kamili ya njia. Gusa uzi kwa wepesi juu yake, piga, usikie sauti kama ya kengele. Kisha bonyeza kabisa pale pale, piga tena. Noti mbili hizo zapaswa kuwa moja. Iliyobonyezwa ikiwa juu, sogeza kikalio nyuma ili uzi urefuke. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Kumbe ugomvi wetu na kinanda ulikuwa wa milimita chache tu!

(d) Nyuzi zilizochakaa. Seti mpya ya besi ni ghali kwa mwanafunzi, kwa sababu uzi mnene peke yake una unene wa kama milimita 2.7 za chuma. Wapigaji wengi duniani huzichemsha za zamani. Zifungue, zitie katika sufuria ya maji yanayochemka kwa dakika kama kumi, uzitoe na kuzikausha kabisa zisipate kutu. Jasho na uchafu ulioingia katika mizunguko hutoka, na mlio hurudi kwa muda. Lakini sufuria iwe ya kazi hiyo tu, usije ukaandamwa na mama jikoni.

(e) Urembo. Kibao cha plastiki kilichokuwa mwilini kilikuwa kimepasuka. Seremala mmoja alituchongea kingine kutoka kwenye kipande kilichobaki cha muuru, mti wenye asili ya miteremko ya Mlima Kenya, ambao Waingereza waliuita mwaloni wa Meru. Mistari yake ni mizuri na kila anayeona anauliza. Je, umebadilisha sauti? Hapana, sikusikia tofauti yoyote. Urembo unampendeza mwenye gitaa, na hilo si kosa, mradi asiuhesabu kuwa sauti.

(f) Usalama. Umeme wetu ni volti 240. Usitumie amplifaya iliyokatwa waya wa ardhini wala plagi ya kuungaunga, kwa sababu nyuzi ni chuma na mkono wako uko juu yake. Ndani ya amplifaya usiingie kabisa, maana hata ikizimwa hubaki na umeme wa kumrusha mtu. Hiyo ni kazi ya fundi.

KULINGANISHA KWA HAKI

Sasa tuje kwenye kiini cha somo. Watu wengi hulinganisha gitaa bovu la kwao na gitaa zima la jirani, kisha husema la jirani ni bora. Huko ni kushindanisha mgonjwa na mzima.

Tulifanya hivi. Mjomba alinikopesha nyuzi mpya za akiba, za aina moja na za gitaa lake. Tukaweka kimo sawa, amplifaya moja, vitufe vyake bila kuguswa, mpigaji mmoja, wimbo mmoja. Binamu zangu wakakaa wametupa kisogo. Mjomba akapiga gitaa moja, halafu la pili, akirudia bila mpango maalumu. Walibishana vikali! Mmoja alisema la kwanza ni tamu, mwingine akasema la tatu, na la kwanza na la tatu lilikuwa gitaa lilelile la shule yetu. Hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika lipi ni la bei kubwa.

Walilitambua la mjomba mara tu alipougusa uzi wa tano. Lakini wakumbuke wanachama: ile amplifaya ya nyumbani ilikuwa na spika ndogo, kama yetu. Uzi wa B ulitoa mtikisiko na kelele za sanduku, noti yenyewe haikujulikana. Spika ndogo haiwezi kusukuma hewa mara 31 kwa sekunde kwa nguvu ya kutosha. Hata E yetu ya mara 41 haitoi yote, ila sikio huisaidia kwa kusikia zile sauti za juu zinazoandamana nayo. Jumapili, kwenye spika kubwa za kanisani, uzi uleule wa B uliingia kifuani kama ngurumo ya Aprili.

NYUZI NNE AU TANO?

Nisiwadhulumu wa upande wa pili. Nyuzi tano zina faida. Mjomba alinieleza kwamba kwaya hupandisha na kushusha sauti kila mara, naye kwa uzi wa tano anazipata noti za chini bila kukimbiza mkono huku na huku. Mpigaji wa kila wiki aliye na spika kubwa anafaidi.

Je, sisi? Nyimbo zetu nyingi hazishuki chini ya E. Ule mmoja unaohitaji D, tunaulegeza uzi mnene hatua moja kamili na kazi imekwisha. Tukiuza gitaa na kununua la nyuzi tano, tutakuwa tumelipia uzi ambao spika yetu haiwezi kuutamka. Pesa hizohizo za mchango zikinunua seti ya nyuzi na spika kubwa zaidi, nyuzi zote nne zitasikika hadi mlango wa ukumbi, na spika hiyo itakuwepo siku tutakapomudu la nyuzi tano. Heri kenda shika kuliko kumi nenda uje.

KULIMILIKI PAMOJA

Kitu cha wote huwa si cha mtu, na hapo ndipo magitaa ya shule hufia. Napendekeza klabu iwe na daftari la gitaa. Liandikwe nambari iliyopigwa chapa mwilini, tarehe ya kubadilisha nyuzi, aliyelichukua na aliyelirudisha. Ile Höfner ya McCartney iliibwa London mwaka 1972, na habari za kupatikana kwake zilitangazwa Februari 2024, zaidi ya miaka 50 baadaye, baada ya watu kuitafuta kwa juhudi. Letu likiibwa leo, nani kati yetu anajua hata nambari yake?

Sisi ni wa shule ya kutwa, jioni kila mtu anaelekea kwao, kwa hivyo gitaa lilale stoo, ndani ya mfuko wake, mbali na dirisha linalopigwa na jua na mbali na ukuta wenye unyevu. Nyuzi zipanguswe kwa kitambaa kikavu kila baada ya kupiga. Kufanya hivyo hakugharimu hata shilingi.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini nyuzi za nailoni hazifai kwenye pikapu ya sumaku?
2. Noti iliyobonyezwa kwenye chuma cha kumi na mbili iko juu kuliko inavyotakiwa. Utasogeza kikalio upande gani?
3. Taja mambo manne yanayopaswa kuwa sawa kabla ya kulinganisha magitaa mawili.

Ndugu msomaji, usiuchukue uamuzi wangu uufanye wako. Gitaa liko stoo na sasa limerekebishwa. Siku ya Ijumaa, saa ya chakula cha mchana, mlango utakuwa wazi. Njoo ulipige, au umwombe mwenzako alipige wewe ukiwa umelipa kisogo, kisha ndipo uinue mkono wako mkutanoni. Naweka kalamu chini.